Mitishamba, Sherehe za Uponyaji na Afya ya Akili: Somo kwa Wakazi wa Iguhu

Mtu anapoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, jamaa zake wa Iguhu huwa na milango mitatu ya kubisha. Kuna mlango wa mganga wa mitishamba, mlango wa maombi, na mlango wa hospitali. Familia nyingi hubisha milango yote mitatu, na hilo si kosa. Hatari huanza pale ambapo mlango mmoja hauambiwi kilichofanyika kwenye mwingine.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 22 anayerejea nyumbani baada ya kukosa kazi mjini. Halali usiku, anazungumza peke yake, na anadai majirani wanataka kumtilia sumu. Mama yake anampeleka kwa mzee wa mitishamba, ambako anapewa dawa ya kunywa na majani ya kujifukiza. Siku ya tatu kijana anazidiwa. Mboni za macho zimepanuka, mdomo umekauka, mwili unachemka, na hamtambui hata dada yake. Hospitalini muuguzi anauliza, “Mama, huyu amekunywa nini kabla ya kuja hapa?” Mama ananyamaza. Anaogopa kulaumiwa, na pia hataki kumtaja mzee ambaye familia imemheshimu kwa miaka mingi. Kimya hicho kinaweza kumuua mwanawe.

Somo hili linaeleza mimea inayobadilisha akili na sherehe zake, yale ambayo utafiti umethibitisha, na namna ya kumlinda mgonjwa anayepita katika milango hiyo mitatu.

MIMEA YA MAONO NI IPI?

Mimea mingi ya dawa hutibu tumbo, kikohozi, ngozi au maumivu. Kuna kundi dogo ambalo huingia moja kwa moja kwenye akili na kumfanya mtu aone, asikie au ahisi mambo yasiyo ya kawaida. Wataalamu huiita mimea ya saikedeliki. Katika somo hili itaitwa mimea ya maono. Miaka ya karibuni habari zake zimeenea sana kwenye simu, nyingine zikidai kwamba inaponya huzuni na uraibu kwa usiku mmoja. Ni vyema kujua inatoka wapi.

Afrika, mfano unaojulikana zaidi ni iboga, kichaka cha misitu ya Gabon. Waumini wa Bwiti hutafuna gome la mizizi yake katika sherehe za kuingizwa kwenye imani hiyo. Sherehe huendelea usiku kucha kwa ngoma, kinubi na nyimbo, na anayeingizwa huwa na wazee wa kumwangalia.

Amerika ya Kusini, jamii za msitu wa Amazon huchemsha kinywaji kiitwacho ayahuasca kutokana na mti wa kutambaa na majani ya kichaka kingine. Nchini Mexico, Wamazateki wa milima ya Oaxaca hutumia uyoga maalumu katika kesha za uponyaji. Mwaka 1957 jarida la Life la Marekani lilichapisha habari za kesha hizo, na mwaka uliofuata mwanakemia wa Uswisi, Albert Hofmann, akatenga kiini cha uyoga huo kiitwacho silosibini.

Jamii hizi zote zina jambo moja la kufanana. Hakuna anayechuma mmea na kuutumia peke yake nyuma ya nyumba. Kuna mwangalizi aliyejifunza kwa miaka, kuna maandalizi, kuna miiko ya chakula, na kuna watu wa kukaa na mgonjwa hadi arudiwe na fahamu zake. Anayenunua unga wa mmea kupitia mtandao hupata mmea tu, bila ulinzi wowote kati ya huo.

UTAFITI UMETHIBITISHA NINI?

Ubongo hupeleka ujumbe kwa kutumia kemikali. Mojawapo ni serotonini, ambayo inahusika na hisia, usingizi na namna mtu anavyouona ulimwengu. Silosibini ikiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kinachofanana sana na serotonini, kikakaa mahali pake kwa saa kadhaa. Ndipo maono hutokea. Watafiti wanadhani kwamba katika saa hizo mawazo yaliyokwama, kama vile “mimi sina thamani,” yanaweza kulegea.

Mwaka 2022, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohusisha watu 233 wenye sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, ambao dawa za kawaida hazikuwa zimewasaidia. Waliopewa miligramu 25 za silosibini mara moja walipata nafuu kubwa zaidi baada ya wiki 3 kuliko waliopewa miligramu 1. Mwaka 2023 Australia iliwaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuitumia kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Habari hizo zinaleta matumaini, lakini zina upande wa pili. Katika utafiti huohuo baadhi ya wagonjwa walipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, na wengine walikuwa na mawazo ya kujidhuru. Dawa ilipimwa kwa miligramu, ikatolewa katika chumba cha matibabu, na mgonjwa akawa na mtaalamu pembeni yake kwa saa zote. Zaidi ya hayo, watafiti wa dawa hizi huwaondoa mapema watu waliowahi kupotewa na uhalisia, kama wagonjwa wa skizofrenia, kwa sababu mimea ya maono inaweza kuamsha au kuzidisha ugonjwa huo.

Jambo hilo linamhusu moja kwa moja kijana wa mfano wetu. Mtu ambaye tayari anasikia sauti ndiye ambaye watafiti hawathubutu kumpa dawa ya maono. Kumwongezea maono ni kumwagia petroli kwenye moto.

Iboga nayo imeonyesha uwezo wa kupunguza mateso ya mtu anayeacha heroini, lakini huvuruga mapigo ya moyo, na kuna watu waliofariki baada ya kuitumia.

JE, KAKAMEGA INA MIMEA HIYO?

Msitu wa Kakamega ni hazina kubwa ya dawa. Wakazi wanajua mukombero, mzizi unaotafunwa na kuuzwa kando ya barabara kwa ajili ya kuamsha hamu ya chakula na kutia nguvu. Wanajua pia mwiritsa, ambao gome lake hutumika duniani kutengeneza dawa ya tezi dume. Kundi la wakulima la Muliru, linaloishi kandokando ya msitu, lilianza kulima mmea wa jamii ya mrihani na kutengeneza marashi ya kuchua yaitwayo Naturub, na mwaka 2010 likapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna mmea kati ya hii unaoleta maono, na sherehe za Waidakho na Waisukha hazikujengwa juu ya mimea ya maono kama ilivyo Gabon.

Hata hivyo, kuna mmea mmoja ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Ni mnanaha, unaoitwa pia datura. Huota wenyewe mashambani, kwenye vifusi na kando ya njia. Maua yake ni meupe au ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, na tunda lake lina miiba na mbegu nyingi ndogo. Ndugu yake ni ule mti wa bustani wenye maua makubwa yanayoning’inia kama kengele, ambao hupandwa kwenye nyua kwa urembo.

Mnanaha haufanyi kazi kama uyoga wa Mexico. Huzuia kemikali nyingine ya mwili iitwayo asetilikolini, na matokeo yake ni sumu. Mboni hupanuka, mdomo hukauka, moyo hukimbia, joto hupanda, mkojo huziba, na mtu huchanganyikiwa kabisa. Anachokiona haoni kama ndoto bali kama kweli, na baadaye huenda asikumbuke lolote. Tofauti kati ya kiasi kinacholevya na kiasi kinachoua ni ndogo, na nguvu ya mmea mmoja hailingani na ya mwingine.

Majirani wa Uganda walionja hatari hii mwaka 2019. Katika eneo la Karamoja, unga wa lishe wa msaada ulikuwa umechanganyika na sumu ya aina hiyo. Zaidi ya watu 200 waliugua, wengi wakiwa wamechanganyikiwa, na baadhi yao wakafariki. Hakuna aliyekusudia kutafuta maono. Walikuwa wamekunywa uji.

SI KILA ANAYEONA MAMBO AMEINGIWA NA PEPO

Iguhu ina sababu yake ya pekee ya kuwa macho. Kwa miaka mingi watafiti wa malaria ya nyanda za juu wamefanya kazi katika bonde hili la Mto Yala, lililo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu mbu huzaliana katika maji ya mabondeni na ugonjwa hulipuka kwa misimu. Malaria ikipanda kichwani, mgonjwa hupayukapayuka, huona vitu visivyokuwepo, hupata degedege na kuzimia. Tone moja la damu linatosha kuipima. Saa zinazopotea nyumbani mgonjwa akifukizwa ndizo saa ambazo dawa ingeweza kumwokoa.

Hali nyingine zinazofanana na hiyo ni kifafa, sukari kushuka mno, homa ya uti wa mgongo, ulevi wa kupindukia au kuuacha ghafla, na matatizo ya akili yanayompata mama baada ya kujifungua. Bangi yenye nguvu pia huweza kumpoteza kijana uhalisia, hasa akiianza angali mdogo. Kwa hiyo mgonjwa yeyote anayebadilika ghafla apimwe kwanza, kisha mengine yafuate.

SHEREHE INA NAFASI GANI?

Kusema haya hakumaanishi kwamba sherehe ni upuuzi. Mgonjwa wa akili huumia mara mbili, kwanza kwa ugonjwa, pili kwa kutengwa. Watu wanapokusanyika, wakamwita kwa jina la ukoo wake, wakala naye na kumwombea, wanamrudishia kitu ambacho hakuna kidonge kinachoweza kukirudisha. Waidakho na Waisukha wanaijua nguvu hiyo kupitia isukuti, ngoma inayosindikiza kuzaliwa, ndoa na mazishi, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Waganga na madaktari wamewahi kufanya kazi pamoja. Mwaka 1954, Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianza huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, mpango wa kuwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vya karibu pamoja na jamaa zao. Mchana walitibiwa hospitalini, jioni waliishi katika jamii, na waganga wa jadi walishirikishwa. Hapa Kenya, katika Kaunti ya Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation lililoanzishwa na Profesa David Ndetei liliwafunza waganga wa jadi na viongozi wa maombi kutambua dalili za sonona kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Hakuna aliyeambiwa aache kazi yake. Walichofunzwa ni kujua mgonjwa anapowazidi.

DAWA MBILI ZIKIKUTANA

Watu husema, “Mitishamba haina madhara.” Historia inasema vingine. Mizizi ya rauvolfia ilitumika India kutuliza wagonjwa wa akili tangu zamani. Mwaka 1952 wanasayansi wa Uswisi walitenga kiini chake, reserpini, kikawa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za akili na za shinikizo la damu. Mganga wa jadi alikuwa amesema kweli. Lakini dawa hiyohiyo ilishusha shinikizo la damu kupita kiasi na kuwaletea baadhi ya wagonjwa huzuni nzito, hivyo madaktari wakaiacha walipopata iliyo salama zaidi. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia.

Hatari huongezeka mgonjwa anapochanganya. Ayahuasca ikikutana na baadhi ya vidonge vya sonona, kama fluoksetini, serotonini inaweza kuzidi mwilini na kuleta joto kali, kutetemeka na hata kifo. Mnanaha ukikutana na dawa za akili zinazokausha mdomo, sumu huongezeka. Mitishamba mingine huifanya dawa ya hospitali ikae mwilini muda mrefu kuliko kawaida, na mingine huiondoa mapema.

Tatizo jingine ni kuacha vidonge ghafla kwa kuambiwa kwamba dawa mbili “zitapigana.” Mgonjwa wa kifafa anayeacha dawa siku moja anaweza kupata degedege lisilokoma. Wa skizofrenia hurudiwa na ugonjwa, tena mara nyingi kwa ukali zaidi.

SHERIA INASEMAJE?

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, nayo afya ya akili imo. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya jadi na kutaka isimamiwe. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Kumfunga mgonjwa kamba au mnyororo, kumnyima chakula au kumpiga ili “pepo atoke” si tiba, ni kuvunja haki zake.

Bangi imepigwa marufuku na sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Silosibini imo katika orodha kali zaidi ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Anayemuuzia mtu dawa hizo kwa jina la tiba anamweka mnunuzi hatarini kiafya na kisheria.

Kuhusu waliojaribu kujiua, mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Familia isiogope kumpeleka mgonjwa hospitalini kwa kuhofia polisi.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Mgonjwa mwenye homa, degedege, kuchanganyikiwa kwa ghafla au kuzimia apelekwe mara moja katika Hospitali ya Iguhu au kituo cha afya kilicho karibu. Maombi yanaweza kuendelea njiani.

2. Mwambie mhudumu kila kitu alichokunywa, alichofukizwa au alichopakwa, na lini. Hajauliza ili alaumu. Anauliza ili achague dawa isiyogongana na iliyotangulia.

3. Ukishuku sumu ya mmea, beba jani, tunda au masalio ya dawa ndani ya mfuko. Usimlazimishe mgonjwa kutapika, na usimnyweshe kitu kama hana fahamu.

4. Usisimamishe vidonge bila kuzungumza na aliyeviandika. Kama vinamletea usingizi au kutetemeka, sema. Dozi inaweza kubadilishwa.

5. Muulize mganga wa mitishamba jina la mmea, sehemu inayotumika na kipimo. Mganga mwaminifu hatakataa kujibu wala hatakuzuia kwenda hospitali.

6. Mganga naye akiona mgonjwa ana homa, ni mjamzito, ni mtoto, anataka kujidhuru au anatumia dawa za hospitali, amwelekeze hospitalini bila kuchelewa.

7. Ng’oa mnanaha karibu na nyumba na shule, nawa mikono baadaye, na uwafundishe watoto kuutambua. Vijana waambiwe wazi kwamba kuonja mbegu zake kwa kushindana si mchezo.

8. Usimwache peke yake mtu anayezungumza kuhusu kufa. Mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu nambari 1199. Kwa tatizo la pombe na dawa za kulevya, nambari ya NACADA ni 1192.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

Viongozi wa vijiji, vikundi vya akina mama, makanisa na walimu wanaweza kutumia maswali haya.

- Katika kijiji chetu, mgonjwa wa akili hupelekwa wapi kwanza, na kwa nini?
- Ni nini huwafanya watu wafiche mitishamba wanapofika hospitalini?
- Mganga, mchungaji na muuguzi wa eneo hili wanaweza kukutana wapi na kuzungumza?
- Mnanaha unaota wapi karibu na shule yetu?
- Mgonjwa anaporudi kutoka hospitalini, jamii inampokeaje?

Kijana wa mfano wetu bado yuko kitandani, na muuguzi bado anasubiri jibu. Mama akisema, “Sista, alipewa dawa ya majani haya, nimeyabeba hapa,” matibabu yanaanza kwa uhakika mara moja. Joto na moyo vitatulizwa, sumu itatoka mwilini, kisha daktari atautafuta ugonjwa ule wa kwanza uliomkosesha usingizi. Akipata nafuu, atarudi nyumbani na vidonge vyake na siku ya kurudi kliniki. Mzee wa mitishamba, akielezwa kilichotokea bila kutukanwa, atajua mmea wa kutompa mgonjwa mwingine. Nao majirani wakija kumjulia hali, wakaketi naye na kumpa kazi ndogo ya kufanya, watakuwa wametimiza sehemu yao ya tiba.